Jazz iliyochanganywa na hip-hop na elektroniki: itengewe kipengele chake?

Mleta mada: Wakuu, tangu 2024 tuzo za Grammy zina kipengele cha jazz mbadala, wa kwanza kukitwaa ni mpiga besi na mwimbaji Meshell Ndegeocello. Huko nyuma, 2013, mpiga piano Robert Glasper alishinda upande wa R&B, na bendi yake ni ya jazz kabisa. Naona wanaochanganya jazz na hip-hop tunawatenga bure. Wabaki kwenye jazz.

Mpiga besi: Napinga. Sikiliza solo. Wimbo wa vipimo 32 (vipande vidogo vyenye idadi sawa ya mapigo) humpa mpiga saksafoni kordi, yaani noti zinazopigwa pamoja, za kufuata. Lupu, yaani kipande kinachojirudia, ya vipimo 4 yenye kordi mbili haimpi pa kwenda. Haichukui muda anaanza kujirudia, fundi anamwongezea mwangwi kuficha.

Mpiga drams: Mkuu, kwa kigezo hicho So What ya mpiga tarumbeta Miles Davis (1959) nayo itoke. Vipimo ni 32 kweli, lakini inasimama juu ya modi (ngazi za noti) mbili tu, D na E-flati! Kinachogomba na lupu ni swingi, yaani kugawa pigo kwa noti mbili zisizolingana urefu. Kwenye nyimbo za polepole mpiga drams huvuta noti ya kwanza ikawa ndefu hata mara tatu ya ya pili. Kasi ikipanda, zinakaribia kulingana. Mashine ya lupu ukiipangia mbili kwa moja inabaki hapohapo. Kwenye mapigo 240 kwa dakika toazi na lupu haviendi pamoja, na msikilizaji anadhani mpigaji ndiye kakosea. Rekodi drams kwanza, halafu lupu ikatwe kuzifuata.

Fundi mitambo: Hapo sawa. Ila lupu ikishafuata drams, inagombana na besi. Uzi mnene wa besi ya mbao uko kama Hz 41 (mitetemo kwa sekunde), ngoma ya mguu ya mashine mara nyingi Hz 50 hadi 60. Ukipandisha zote, chini panakuwa uji. Wengi huweka kompresa, kifaa cha kubana sauti, ishushe besi kila ngoma inapopiga. Kwenye hip-hop inakubali. Besi ikianza kutembea noti kwa noti, inasikika ikizama na kuibuka. Hapo punguza ngoma. Na kuunga vipande si dhambi mpya: prodyuza Teo Macero alikata tepu za Bitches Brew, albamu ya Miles Davis ya 1970.

Mleta mada: Kwa hiyo mkasi ni wa siku nyingi. Kipengele kipya cha nini?

Mpiga besi: Ya swingi nimekubali. Lakini bendi ikipiga chumba kimoja, drams zinaingia kwenye maikrofoni ya saksafoni. Noti ikikosewa, mnarudia wote. Wengine wanasogeza noti moja moja kwenye kompyuta. Ukiziweka albamu za aina hizo mbili meza moja, jopo la tuzo linampima mpigaji au fundi?