Naomba ushauri: spoku za nyuma zinakatika safarini

Habari zenu wakuu. Tuko saba, tumetoka Mwanza alfajiri kwa baiskeli kwenda Musoma, usiku huu tumelala Lamadi. Leo nimekata spoku tatu, zote gurudumu la nyuma upande wa cheni. Ya kwanza ilikatika kabla ya Magu. Fundi pale akaweka mpya na kunyoosha ringi. Mbili zikafuata mbele ya safari, nikafika huku nayumba kama mlevi. Kwenye keria nilibeba kama kilo 18, hema na sufuria za kikundi (nilijitolea mwenyewe, kiherehere changu). Mzigo nimeshawagawia wenzangu.

Je, kesho Bunda nibadilishe spoku zote za upande huo, au nikiweka hizo mbili na kukaza zilizobaki nitafika Musoma?