Eti "hujazaa, hii kura haikuhusu", halafu ANANIPA MTOTO WAKE NIMSHIKE?!

BintiKorogwe:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukwa mnivumilie. Nimetoka kituo cha kura sasa hivi hapa Blanchardstown. Simtaji mtu. Mnamjua. Ukishakaa Dublin ukachangia msiba hata mmoja, unamjua. Yule wa "kwa niaba yenu nyote" hata mkiwa wawili.

Leo 25 Mei 2018 Ireland nzima inaamua kama yale Marekebisho ya Nane, yale ya kuzuia utoaji mimba yaliyoingizwa kwenye katiba 1983, yabaki au yaondoke. Redio na TV zimefungwa mdomo kuhusu kura tangu jana saa nane mchana, ndiyo utaratibu wao. Mlangoni kuna dada kavaa sweta nyeusi imeandikwa Repeal, yaani yafutwe, kaambiwa afunge koti. Watu kimya, foleni kimya. Nani anafungua mkutano wa hadhara? YEYE. Kwa Kiswahili, na ile sauti yake ya kusoma rambirambi.

Na kura HANA! Kura ya maoni hapa ni ya raia tu, yeye bado yuko na kadi ya ukaazi. Kaja kumsindikiza mkewe. Mke wa watu kaingia zake ndani, hana neno.

Basi kaniona. Kanipandisha, kanishusha, kuanzia viatu mpaka kilemba: "Na wewe umekuja kupiga kura ya mimba? Hujazaa, haya hayakuhusu."

Nikameza. Nikasema ni mtu mzima, yaishe. Mara simu yake ikaita. Unajua ananiambia nini?

"Hebu nishikie mtoto."

NISHIKIE. MTOTO. Mimi. Nisiyehusika!

Na hakungoja jibu. Nashtukia mtoto yuko kiunoni, ana pakiti ya krispi za kitunguu, vidole vyote viko kwenye koti langu la heshima. Baba huyoo, kaenda kuongea na simu kwenye maegesho kama waziri. Foleni ikasogea. Nimetafutwa jina kwenye daftari na mtoto kiunoni. Nimepewa karatasi na mtoto kiunoni. Kile kipenseli chao kilichofungwa kwa uzi, mtoto kakidaka kabla yangu. Yaani nimegombania penseli ya kura na mtoto wa mtu aliyesema hainihusu! Ile X yangu imepinda mpaka nusura itoke nje ya kibox.

Natoka nje namkabidhi, hata ahsante hakuna. Anasema: "Umeona? Watoto wanakupenda. Ungezaa."

UNGEZAA!!! Baada ya NISHIKIE MTOTO!

Nawasilisha. Leo silali.

Mzee_wa_Kahawa:
Nimeweka kiti mbele. Endeleeni.

ChumaChaMoshi:
Mleta mada, swali moja tu. Mtoto ulipiga naye kura upande gani?

KijanaWaTanga:
Chai hii. Mimi nimepiga Tallaght saa moja na nusu asubuhi, naingia natoka, hakuna foleni wala krispi.

BintiKorogwe:
@KijanaWaTanga kwa hiyo Tallaght na Blanchardstown ni chumba na sebule? Watu walikuwepo, wamesikia. Alisema "nishikie mtoto" kama anayemtuma dada wa kazi.

ChumaChaMoshi:
Lakini ulimshika.

BintiKorogwe:
Ningemwacha adondoke???

ShangaziGalway:
Pole mwanangu. Ila mimi leo sina kicheko. Nimepiga kura huku Galway namuwaza Savita, yule aliyefia hospitali ya hapa. 2012, mimba ya wiki 17 inaharibika, anaomba waitoe, anaambiwa hapana, moyo wa kichanga bado unapiga. Sumu ikaingia kwenye damu. Binti wa miaka 31.

Mtumishi_Limerick:
Shangazi, shikamoo. Yule dada Mungu amrehemu, lakini wanachotuletea ni kutoa mimba mpaka wiki 12 bila mtu kuulizwa sababu. Mimi nimeweka Hapana na sioni haya.

ShangaziGalway:
Marahaba. Hujaulizwa ulichoweka, baba.

ChumaChaMoshi:
Hahaha Mtumishi kashikishwa mtoto.

WaKiambu:
Nyinyi Watanzania mnashangaa kitu kidogo hivi. Sisi Kenya 2010 tulipigia kura katiba mpya, kijani Ndiyo, nyekundu La, na makanisa yalikataa kata kata kwa sababu ya kifungu cha 26, kile cha uhai na utoaji mimba, na mahakama za Kadhi. Mjomba wangu alivaa shati jekundu kampeni nzima, hakuna kufua. Katiba ikapita, sasa hilo shati linaosha matatu.

KijanaWaTanga:
Mkenya hajawahi kukosa mjomba.

MkeWaMtu_Swords:
Jamani, kuhusu huyo bwana nilinyamaza kwa heshima ya mkewe tu. Sufuria langu la pilau, lile la watu hamsini, alikuja kuliazima Krismasi kwa "shughuli ya jumuiya". Shughuli yenyewe ilikuwa sherehe yake ya kuhamia nyumba mpya. Mpaka leo sijaliona.

Mzee_wa_Kahawa:
Subiri. Lile sufuria ni lako? Mbona kwenye msiba wa juzi lilikuwepo, ubavuni limeandikwa jina lake kwa rangi ya kucha?

MkeWaMtu_Swords:
JINA LAKE????

KijanaWaTanga:
Kwangu alichukua jiko la gesi. Alisema analijaribu.

BintiKorogwe:
Wakuu turudi kwenye mada. NISHIKIE MTOTO.

Mtumishi_Limerick:
Dada subiri kidogo. Mimi na yeye tulinunua spika za kwaya nusu kwa nusu, sasa nasikia anazikodisha kwenye kumbi za bia.

ShangaziGalway:
Ee Yesu. Za kwaya?

WaKiambu:
Huyu mtu wenu anafaa kugombea ubunge.

Redio_Mbao:
Saa nne imegonga, vituo vimefungwa. The Irish Times wametoa makadirio kwa watu waliohojiwa wakitoka kupiga kura: Ndiyo, yaondoke, asilimia 68, Hapana 32.

MkeWaMtu_Swords:
Sawa. Hiyo rangi ya kucha ilikuwa nyekundu?

Mzee_wa_Kahawa:
Zambarau.

MkeWaMtu_Swords:
Basi na rangi nayo ni yangu!! Mkewe aliiomba kanisani!

Redio_Mbao:
Narudia, 68 kwa 32. Kuna mtu anasoma?

BintiKorogwe:
@MkeWaMtu_Swords sufuria lenyewe lina mshikio mmoja uliolegea, umefungwa waya?

MkeWaMtu_Swords:
Ndilo! Waya kafunga mume wangu!

BintiKorogwe:
Liko kwenye buti la gari lake. Nimeliona leo namrudisha mtoto, ndani wameweka viatu vya mpira.

MkeWaMtu_Swords:
VIATU? Navaa koti. Nani ana gari?