Tupeane uzoefu: mvua iliyokufanya umwite Mungu kwa majina yote

MamaZura_Bwaise: Jana saa nane jua kali, nimeanika muhogo. Saa tisa bati la jirani liko juu ya mwembe wetu na maji ya mtaro wa Nsooba yananisalimia kitandani. Godoro tumelipandisha kabatini, watoto juu ya meza. Hebu semeni yenu, nisijione peke yangu.

BodaKalerwe: Pole mama. Mimi pikipiki ilisombwa naitazama. Kesho yake nikaikuta, haina vioo. Sijui ni maji au ni watu.

MamaZura_Bwaise: Ni watu 😂

Wa_Ssese: Nyie mnalilia magodoro. Mimi nilivua mukene, wale dagaa wa ziwani, Kalangala kabla sijaacha. Mukene anataka usiku wa giza, mwezi haupo, taa zinaelea majini zinamvuta. Tulikuwa wanne. Kama saa nane usiku upepo ukakata, ziwa likatulia kama mafuta kwenye sahani. Mzee wa mashua akasema, "Vuteni wavu." Kijana mmoja akabisha, samaki ndiyo kwanza wanakusanyika. Ubishi haukuisha. Taa ya wenzetu wa mbali ikazimika, ikafuata ya pili, kisha tukasikia mvumo, kama lori linalopanda mlima limeshindwa. Wimbi la kwanza lilizima mashine. La pili likabeba taa zote. Wenzangu nawaona radi ikimulika tu. Giza likirudi nahesabu sauti: moja, mbili, tatu. Wavu tuliukata kwa panga, na ulikuwa wa mkopo jamani, tukashusha jiwe la nanga kwa kamba ndefu ili pua itazame mawimbi, tukachota maji kwa kidumu mpaka kukapambazuka. Laifujaketi ilikuwa moja. Mzee alimvika yule mbishi, kisha akamwambia, "Sasa bisha." Kijana aliimba wimbo wa kanisani usiku kucha, ubeti mmoja, wa pili haujui.

BodaKalerwe: Eeh! Mashine ilipona?

Msomaji_Tororo: Pole ssebo. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto. Pepo za pwani zote zinakutana katikati, hewa inapanda, mawingu yanajengeka. Ndiyo maana wavuvi hukutwa usiku wa manane. Kwetu Tororo ngurumo ni jirani tu, zaidi ya siku 200 kwa mwaka zimewahi kuhesabiwa.

Bibi_wa_Arua: Zikianza, funika kioo, vua nguo nyekundu. Mambo ya pepo zako waachie wazungu.

Msomaji_Tororo: Bibi, kwa heshima, Novemba 2024 kule kambi ya wakimbizi ya Palabek radi iliua watu 14 waliokusanyika kuabudu. Wote walivaa nyekundu?

Bibi_wa_Arua: Usinichezee na wafu. Nina miaka 70, sijapigwa.

Kondakta_Jinja: Bibi ana hoja, mimi nilipigwa na sweta ya bluu.

MamaZura_Bwaise: Ulipigwa na radi?!

Kondakta_Jinja: Na mke. Radi ilipiga mti tu.

Msomaji_Tororo: Jamani. Ingieni kwenye gari la bati, milango imefungwa, au nyumba ya matofali. Kibanda cha nyasi hakikusaidii, wala mwembe.

BodaKalerwe: Sisi wa boda tuingie gari la nani? Mimi huegesha na kuchuchumaa.

Mama_Kasese: Huku kwetu usichuchumae popote, panda juu. Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Sisi wa chini hatukuijua.

Bibi_wa_Arua: Apande juu radi imkute?

MamaZura_Bwaise: Mimi huingia chini ya kitanda, sema sasa huko kuna maji.

BodaKalerwe: Wa_Ssese, hujajibu. Mashine?

Wa_Ssese: Ilipona. Nililipa deni la wavu miaka miwili. Yule mbishi ndiye ana mashua mbili sasa, na ukimwambia vuta wavu bado anabisha.