Mradi mmoja, awamu tatu, ripoti tatu ndogo: nifanyeje?

MamaMtoni, Njoro
Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kabla wiki hii haijaisha.

Upande wa juu wa shamba letu kuna mwekezaji anayejenga nyumba za kuuza. Alianza na 18. Tuliitwa mkutanoni, tukaambiwa mradi ni mdogo, ripoti ya muhtasari kuhusu athari za mazingira inatosha, tukatia sahihi. Mwaka uliofuata zikaja 22: lango lilelile, kisima kilekile cha pampu, ripoti nyingine ndogo. Sasa wamesimamisha bango la awamu ya tatu, nyumba 60. Juzi kijana mwenye fomu za maswali alipita kwangu kuuliza kama nina pingamizi. Nilipoanza kumweleza yaliyotupata tangu zile za kwanza, akafunika karatasi zake: hizo zina leseni tayari, tuongee ya tatu tu.

Mfereji ulio kando ya ua wetu mwanangu alikuwa akiuruka akienda shule. Masika haya tumelaza mbao tatu na bado hazifiki vizuri. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, ukilowa unaondoka kama unga. Migomba minne imeshaporomoka. Kisima cha mama mkwe cha kuchota kwa kamba, asubuhi ndoo inapanda na tope.

Je, sheria inaruhusu mradi mmoja kukatwakatwa hivi?

Mpimaji_K
Pole sana mama. Nimeandika ripoti hizi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitasema ninayoyajua. Kujenga kwa awamu si kosa, watu hujenga kadiri pesa zinavyopatikana. Kosa ni kuficha ukubwa. Tangu 2019 orodha ya miradi kwenye sheria ya mazingira ya Kenya imegawanywa kwa viwango vitatu vya hatari, na mradi mdogo hupita kwa ripoti nyepesi. Anayejua tangu mwanzo kwamba atajenga 100, kisha akaomba 18, amekwepa kuchunguzwa kwa ukubwa wake halisi.

Kwa hiyo nenda kaunti, idara ya mipango, uulizie ramani iliyoidhinishwa mwanzo kabisa. Ikiwa barabara za ndani na mabomba yalichorwa kwa ploti zote 100, hiyo ndiyo silaha yako. Kwenye fomu usijibu "sitaki" peke yake. Andika: maji taka ya nyumba 100 yanaenda wapi, kisima kimoja kinavutwa na nyumba 100, paa 100 zinamwaga mvua kwenye mfereji gani. Mto Njoro unaishia Ziwa Nakuru, ambalo halina mahali pa kutokea. Kinachoingia mle kinabaki mle. Na soma kifungu cha 64 cha sheria ya mazingira ya 1999: hata leseni ikishatolewa, NEMA, mamlaka ya mazingira inayoitoa, inaweza kudai tathmini mpya mradi ukibadilika pakubwa.

Mwana_Nyando, Kisumu
Dada yangu, andika. Sisi huku Nyamasaria tulilalamika kwa mdomo, kwa chifu, mara tatu. Chifu ni mtu mzuri, alitusikiliza. Tulipompata wakili akatuuliza barua ziko wapi. Hatukuwa na hata moja, na siku 60 za kukata rufaa kwenye tribunali ya mazingira tangu leseni itolewe zilikuwa zimepita. Bado linaniuma.

Mnunuzi_Nakuru
Mimi nimenunua nyumba kwenye mtaa wa namna hiyo. Tafadhali msituone maadui. Maji kwetu hutoka saa kumi alfajiri, nusu saa basi, na sasa wanataka kuongeza wengine juu ya pampu hiyohiyo. Watafute wenye nyumba za awamu ya kwanza, mama. Nadhani watatia sahihi kabla hujamaliza kueleza.

KalamuYaSheria
Naongeza machache. Omba ripoti zote tatu kwa maandishi, chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya kupata habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 kujibu. Ikifika kortini, kifungu cha 70 cha Katiba hakikutaki uthibitishe kwamba umepata hasara. Na ushirikishwaji wa wananchi si mapambo: Juni 2019 tribunali ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, mojawapo ya sababu ikiwa watu hawakushirikishwa ipasavyo. Ule mkutano wenu wa kwanza mliambiwa ni nyumba ngapi kwa jumla? Andikeni mnachokumbuka, kila mtu kwa mkono wake.

MamaMtoni, Njoro
Mungu awabariki. Tuliambiwa 18, hakuna aliyetaja 100. Jana jioni nilipanda kule juu na mama mkwe, akiwa na ndoo yake ya tope mkononi. Mama mmoja wa nyumba za kwanza alitufungulia, akatuonyesha karatasi aliyopewa wakati wa kununua: ramani yenye ploti zote, 1 mpaka 100, na tarehe ya kabla ya mkutano wetu. Nimeipiga picha. Kesho asubuhi tunashika matatu kwenda Nakuru, kaunti kwanza, kisha NEMA. Barua ina sahihi 31, 9 kati yake ni za kule juu.

Mpimaji_K
Beba nakala mbili. Moja wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo nyumbani.