Tupeane uzoefu: kuifia nafsi, wewe ulikufia wapi?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sote tumefundishwa kwamba lazima nafsi, yaani ule ubinafsi wetu unaotaka mambo yake, ife ili Kristo aishi ndani yetu. Tunaimba, tunaomba, tunaitikia amina. Lakini mkae wawili watatu, muulizane kwa utulivu, "Wewe ulikufa lini, na siku hiyo ulikuwa unafanya nini?", wengi hukosa la kusema. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Mahubiri tunayo ya kutosha. Tusimuliane yaliyotupata.

Niweke msingi kwanza. Mathayo, Marko na Luka wote wanaandika maneno ya Yesu kuhusu kujikana na kujitwika msalaba, ila Luka 9:23 anaongeza "kila siku". Wale waliomsikia walijua msalaba ni nini. Mtu aliyehukumiwa na Warumi alibebeshwa boriti lake hadi mahali pa kufia, na kila aliyemwona njiani alijua huyu harudi nyumbani. Sasa mtu anaendaje huko kila siku? Paulo analigusa jambo hilohilo katika Wakolosai 3. Mstari wa 3 anasema "mlikufa", limekwisha, lilifanyika pamoja na Kristo. Mstari wa 5 anasema "vifisheni" viungo vyenu. Lililokwisha kufanyika msalabani ndilo tunaloambiwa tuliishi leo asubuhi, na kesho tena.

Naanza mwenyewe. Kazini niliandaa andiko refu la mradi, la usiku mwingi. Mwenzangu akaliwasilisha kwenye kikao kama lake. Nilisikia sentensi zangu moja baada ya nyingine, hata ule mfano niliohangaika nao mpaka ukakaa sawa. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kutoka mezani. Moyoni likaja swali moja tu: unataka ukweli ujulikane, au unataka wewe uonekane? Nikajua jibu. Nikaushusha mkono.

Hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Baadaye nilimfuata faraghani nikamwambia wazi kwamba alichofanya si haki na kitamharibu. Niliweza kumwambia bila sauti kupanda kwa sababu nilikuwa sidai tena kitu kwake. Kabla ya kushusha ule mkono nisingeweza. Ningemwambia maneno hayohayo na yangekuwa kisasi.

Karibuni.

Mama wa Mapacha

Ubarikiwe mleta mada. Langu ni la mama mkwe.

Tangu siku ya kwanza hakunikubali. Sitarudia aliyoyasema, wengine wanaonisoma hapa wananifahamu. Akapata kiharusi, upande wa kulia ukalala, mawifi wote wakawa na sababu zao, akaletwa kwangu. Wapendwa, sikuhisi upendo hata kidogo. Nilihisi nimeonewa.

Ule mkono uliopooza ulijikunja ngumi. Kucha zikawa zinaota kuelekea kiganjani na kumchoma. Kuzikata, lazima ukae karibu naye kabisa, ufungue kidole kimoja kimoja polepole, maana ukivuta kwa nguvu anaumia, na ndani ya kiganja ngozi ilikuwa imelainika kwa jasho, unaifuta, unaikausha, ndipo unakata. Kazi ya muda mrefu. Na muda wote huo uso wake uko hapa, na maneno aliyowahi kuniambia yako hapa pia. Kila kidole nilikuwa nachagua. Ningeweza kukata haraka na kumwacha aumie kidogo tu, na hakuna ambaye angejua.

Nataka wadada wanielewe: hisia hazikutangulia. Mikono ilitangulia, hisia zikafuata kwa mbali sana. Na kuna kifo kingine ambacho sikukitarajia. Nilikuwa nangoja aniombe radhi. Nilijipa moyo kwamba nikimtunza vizuri, siku moja atasema. Hakusema. Alifariki bila kusema. Kuacha kungoja lile neno kulinigharimu kuliko kazi yote ya kumtunza.

Mwimbaji

Mimi langu fupi. Nilikuwa naongoza nyimbo kwenye kwaya miaka mingi, akaja binti mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Mwalimu akampa nafasi yangu. Nikabaki kwenye kwaya, mstari wa nyuma, nikamfundisha pale pa kuvuta pumzi kwenye wimbo niliouzoea. Yohana Mbatizaji alisema "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua" wakati wanafunzi wake wanalalamika kwamba watu wote wanamwendea Yesu. Nilikuwa nadhani ule ni mstari wa ibada ya asubuhi tu. Kumbe aliusema wakati watu wanamwacha.

Mpita Njia

Nawasoma kwa heshima, ila nina swali na naomba nijibiwe kwa ukweli. Mafundisho haya hayamfanyi Mkristo awe wa kukanyagwa? Nimeona watu wanaambiwa "jikane nafsi" na wale wale wanaowaonea. Mwajiri halipi, unaambiwa ufe nafsi. Mume anapiga, unaambiwa ufe nafsi. Mungu ndivyo anavyotaka?

Dada Mkubwa

Mpita Njia, umeuliza swali langu. Nilikuwa nasita kuandika, sasa nitaandika.

Mimi nilipigwa. Nilipokwenda kwa kiongozi wa kiroho, alinifungulia Biblia na kuniambia bado nafsi yangu iko hai, ndiyo maana nalalamika. Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba maumivu yangu ni utakatifu. Yaliyofuata yalinifikisha hospitali.

Nimesoma sana tangu hapo, na nataka niseme kwa uzito wote: lile halikuwa fundisho la msalaba. Yesu alisema juu ya uhai wake, Yohana 10:18, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Kujitoa ni kwa mtu aliye huru kutoa. Anayenyang'anywa hajajitoa. Tena Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakukaa kimya. Aliuliza, "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Iko Yohana 18:23. Paulo alipofungwa ili apigwe mijeledi, Matendo 22, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa, na wale wapigaji wakaondoka. Ni Paulo huyuhuyu aliyeandika "ninakufa kila siku". Hakuona kwamba kudai sheria ifuatwe kunavunja kufa kwake.

Niliondoka na wanangu. Nikashtaki. Kesi ikasikilizwa.

Sasa mleta mada kauliza ulikufia wapi. Nilikufia mahakamani. Siku ya kutoa ushahidi nilikuwa na nafasi ya kuongeza. Nilikuwa na jambo moja ambalo ningeliongeza, hakuna ambaye angelipinga, na lingemmaliza kabisa. Nilikuwa nimelipanga usiku kucha. Niliposimama nikasema yaliyotokea, yote, bila kupunguza, na pale yalipokwisha nikanyamaza. Ile hamu ya kumwona ameangamia niliiacha pale. Haki niliiacha kwa hakimu, kisasi nilikiacha kwa Mungu. Ni vitu viwili, na mtu anayevichanganya anaumiza watu.

Kwa hiyo akina dada, mkipigwa ondokeni kwanza. Mtajifunza kujikana mkiwa mahali salama.

Mzee wa Kanisa

Dada Mkubwa, mwanangu, pole sana, na asante kwa kuandika. Sisi tulio viongozi tuusome mchango huu mara mbili. Wakolosai 2:23 inaonya juu ya mambo yanayoonekana kuwa na hekima, kujinyenyekeza na kuutawala mwili kwa ukali, na inasema hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Mtu anaweza kufunga, kulala chini, kujidharau mbele za watu, na nafsi ikanenepa kwa hayohayo.

Niongeze la kwangu. Kujichukia si kujikana. Nilikuwa na rafiki, marehemu sasa, ambaye kila alipopongezwa alijibu "mimi si kitu, mimi ni mavumbi". Ukikaa naye utaona mazungumzo yote yanamrudia yeye. Anayejidharau mchana kutwa bado anajitazama mchana kutwa. Wafilipi 2 inamweleza Yesu kama aliyejua kabisa yeye ni nani, ndipo akajinyenyekeza. Yohana 13 ni hivyohivyo: Yesu, hali akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, akavua mavazi yake, akajifunga kitambaa, akawaosha miguu. Aliye salama kwa Baba ndiye anayeweza kuinama.

Mimi nimeuona msalaba huu kwenye uongozi. Nilipokabidhi, vijana walibadilisha karibu kila kitu nilichokijenga. Ratiba, utaratibu wa ibada, hata vikundi vya maombi. Watu walikuja nyumbani kwangu kulalamika, na kila aliyekuja alinipa nafasi ya kusema neno moja tu, neno ambalo lingesambaa. Nilikuwa nawakaribisha, tunaomba, nawasindikiza. Baadhi ya mabadiliko yale mpaka leo naona si mazuri. Nimewaambia vijana wenyewe, ana kwa ana, na wakiamua tofauti nawaunga mkono. Niseme ukweli, nguvu hiyo si ya umri. Warumi 8:13 inasema tunayafisha matendo ya mwili "kwa Roho". Mwenye kujaribu kwa kukaza meno tu atashinda Jumatatu na kulipuka Jumatano.

Msomaji

Kwa hili la kisasi na Roho, kuna ushuhuda wa Corrie ten Boom ambao hunisaidia. Familia yake ya Kikristo huko Uholanzi ilificha Wayahudi waliosakwa na Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakakamatwa 1944. Baba yake alikufa siku chache baada ya kukamatwa, na dada yake Betsie alifia Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wanazi, Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1947 Corrie alikuwa Munich, Ujerumani, akifundisha juu ya msamaha. Baada ya ibada akaja mwanamume akamnyoshea mkono. Alikuwa mlinzi wa kambi ileile. Corrie alieleza kwamba hakuweza kuinua mkono wake, hakuwa na huruma yoyote ndani. Akaomba kimoyomoyo Yesu amsaidie, akaunyosha mkono kama kitendo cha utii tu, na upendo ukaja baada ya hapo.

Linganisheni na Mama wa Mapacha alivyosema. Mikono ilitangulia.

Mpita Njia

Nimejibiwa. Dada Mkubwa, Mungu akutunze wewe na watoto.

Kaka wa Tatu

Mimi sina ushuhuda, nina vita. Kaka yangu mkubwa alisimamia mali aliyoacha baba. Sisi wadogo tulipata sehemu ndogo na hesabu hatujawahi kuonyeshwa. Hatujasalimiana muda mrefu. Mama anazeeka na ametuita kikao mwisho wa juma hili. Nikisema niache yote, naona nawanyima wanangu. Nikisema nidai, najijua, mdomo wangu ukifunguka haufungi. Nimesoma uzi mzima na sijui mimi nifie wapi. Niombeeni, na mwenye neno aniambie.

Mleta mada

Kaka yangu, tunakuombea, na mimi nitafunga siku hiyo.

Mwanzo 13 imenijia nilipokusoma. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana, nchi haikuwatosha. Abramu ndiye mkubwa, ndiye aliyepewa ahadi, lakini akamwambia Lutu achague kwanza. Lutu akachukua bonde lenye maji. Lakini ona pia kwamba Abramu hakuwaacha wachungaji waendelee kupigana huku akijifanya hakuna tatizo. Alilitaja, akapendekeza njia, akakubali kupoteza sehemu nzuri. Na yule aliyekuwa na haki ya kuchagua ndiye aliyeachia. Wewe huna mamlaka ya kuachia sehemu za wadogo zako, ni zao. Yako unaweza.

Kwa hiyo kaa na wadogo zako kabla ya kikao, mjue kila mmoja anataka nini. Hesabu ziombwe, kwa maandishi ikiwezekana, na mtu ambaye kaka anamheshimu awepo. Aombe mdogo wako mwenye ulimi mpole azungumze kwa niaba yenu, wewe ukae. Nadhani kwako hapo ndipo msalaba ulipo, kukaa kimya mtu mwingine anapoeleza jambo lako na pengine halielezi vizuri kama wewe. Kisha ukifika, kabla ya lolote, msalimie kaka. Usingoje yeye aanze.

Ukitoka huko urudi utuambie, hata kama limekwenda vibaya.