Je, mtindo wa Kibulgaria wa kunyanyua uzito wa juu kila siku unawafaa vijana wanaochipukia?

Mkufunzi wa Moro:

Wakuu, heshima kwenu nyote. Ninafundisha kunyanyua uzito kundi dogo la vijana wenye umri kati ya miaka 15 na 19, wavulana wanne na wasichana wawili, katika ukumbi wenye sakafu ya zege ambamo jukwaa letu ni mbao tulizozigongomea wenyewe juu ya vipande vya matairi. Tunafanya mazoezi siku nne kwa wiki, jioni, kwa sababu wote ni wanafunzi au wana vibarua.

Hivi karibuni vijana hao wametazama video za zamani za timu ya Bulgaria, na sasa wananisihi tuufuate mtindo ule: kufika ukumbini kila siku na kupandisha uzito katika snachi, yaani ule mnyanyuo wa kuitoa chuma chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, kisha katika klini na jeki, ambayo ni ya hatua mbili (klini huileta chuma mabegani, jeki huisukuma juu ya kichwa), mpaka kila mmoja afike mahali anaposhindwa. Hoja yao ni kwamba Wabulgaria walishinda dunia nzima kwa njia hiyo, na kwamba seti zangu za uzito wa kati zinawachelewesha. Sitaki kuwakatalia kwa sababu tu mimi ni mkubwa wao. Naomba wenye uzoefu mnieleze njia ile ilifanyaje kazi, na kama kuna sehemu yake ninayoweza kuichukua bila kuwaumiza.

Mzee wa Jukwaa:

Ndugu kocha, umeuliza jambo zito na ninashukuru kwamba umeuliza kabla ya kuanza.

Aliyeujenga mtindo huo ni Ivan Abadjiev, ambaye alikabidhiwa timu ya taifa ya Bulgaria mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 nchi hiyo ndogo ilitwaa dhahabu tatu katika mchezo huu, moja ikiwa ya Norair Nurikyan, ambaye alirudi Montreal mwaka 1976 na kushinda tena. Abadjiev aliondoa mazoezi mengi ya pembeni na kubakiza snachi, klini na jeki, skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), na aina chache zinazofanana nazo. Wachezaji wake walifanya mazoezi mara kadhaa kwa siku, kila kipindi kikiwa kifupi na kufuatiwa na mapumziko, na karibu kila siku walipanda hadi uzito wa juu ambao mwili ungeweza kuutoa siku hiyo. Mantiki yake ni rahisi kuielewa: mwili huzoea kile hasa unachodaiwa, kwa hiyo anayetaka kunyanyua uzito mkubwa mashindanoni audai mwili wake uzito mkubwa kila siku.

Sasa waulize vijana wako maswali machache. Waliokuwa wakinyanyua hivyo walikuwa akina nani? Walikuwa watu wazima, au vijana waliokwisha kupita miaka mingi katika shule za michezo za serikali, waliochujwa tangu utotoni, wanaolishwa, wanaolala kambini na wasio na kazi nyingine yoyote. Walioshindwa kuhimili waliondoka na wengine wakaingizwa mahali pao, na hao walioondoka hawamo katika video yoyote. Unapomtazama Naim Süleymanoğlu, aliyelelewa katika mfumo huo, akaikimbia Bulgaria akiwa Melbourne mwaka 1986 na kuinyanyulia Uturuki kilo 190 katika klini na jeki pale Seoul mwaka 1988 akiwa katika daraja la kilo 60, unamtazama mtu aliyebaki baada ya mchujo mkali sana. Hutakiwi kumchukua yeye kuwa kipimo cha kile ambacho mtoto wa Morogoro atakihimili baada ya masomo na kibarua.

Halafu kuna suala la dawa, na vijana lazima waambiwe wazi. Pale pale Seoul, Wabulgaria wawili, Mitko Grablev na Angel Genchev, walinyang'anywa dhahabu baada ya kukutwa na furosemide, dawa ya kukojosha ambayo hupunguza uzito wa mwili na pia husaidia kuficha dawa nyingine, na timu ikajitoa mashindanoni. Mwaka 2000 huko Sydney, Wabulgaria watatu walipoteza medali zao kwa dawa hiyo hiyo. Mwaka 2016 timu yao ilizuiwa kabisa kwenda Rio. Simaanishi kwamba kila kilo waliyoinyanyua ilitokana na dawa. Ninachosema ni kwamba mtu anayeiga ratiba yao bila kujua nini kilikuwa kinawasaidia kupona kati ya kipindi na kipindi, anaiga nusu ya jambo.

Nguvu Kavu:

Ninakubaliana na Mzee kwa sehemu kubwa, ila naomba tutenganishe mambo mawili ambayo hapa yameanza kuchanganywa, yaani kufanya mazoezi mara nyingi na kufanya mazoezi kwa uzito wa juu. Snachi ni ustadi, na ustadi hukua kwa kurudiwa mara kwa mara. Kijana anayeinyanyua siku nne au tano kwa wiki kwa uzito anaoumudu atajifunza haraka kuliko yule anayeigusa mara mbili tu, na hilo Wabulgaria walilielewa vizuri kuliko wengi.

Mimi natoka upande wa pawalifti, mchezo wa skwati, benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni hadi usawa wa mapaja), na kwetu pia uzito wa juu unatumika, lakini kwa nafasi. Marehemu Louie Simmons, kocha wa pawalifti wa Columbus, Ohio, Marekani, ambaye alichota mengi kutoka kwa maandishi ya Wasovieti, alitenga siku mbili kwa wiki za uzito wa juu kabisa, moja ya miguu na mgongo na nyingine ya kifua, na akabadilisha aina ya zoezi mara kwa mara ili mwili usichoshwe na mnyanyuo ule ule. Siku nyingine mbili walinyanyua uzito mwepesi zaidi kwa kasi. Hata huko, penye wanaume wazima wenye miili mikubwa, hakuna aliyetakiwa kufika kikomo cha zoezi lile lile siku saba mfululizo.

Misuli ya kijana hupata nguvu mapema kuliko kano zake. Ndiyo maana baada ya wiki tatu za uzito wa juu utamwona anapanda vizuri, wiki ya sita anaanza kushika goti chini ya pia yake kila anapoinuka kutoka kwenye skwati, na ya nane hawezi kuchuchumaa. Kocha asidanganywe na zile wiki tatu za mwanzo.

Mkufunzi wa Moro:

Nawashukuru sana. Maelezo ya Mzee nitawasomea vijana kama yalivyo. Naomba niulize jambo mahususi. Mmoja wa wasichana wangu, mwenye miaka 17 na uzito wa kilo 58, anafanya snachi ya kilo 60. Klini anaiweza hadi kilo 80, na skwati ya mbele, yaani chuma ikiwa mbele ya mabega, hadi 95, lakini jeki haijawahi kuvuka 72. Yeye ndiye anayesisitiza zaidi kwamba akijaribu 75 kila siku, ipo siku itakubali. Je, yuko sahihi?

Kocha Mama Tanga:

Kocha mwenzangu, hayuko sahihi, na takwimu zake mwenyewe zinamkanusha. Mtu anayechuchumaa na kilo 95 begani na kuinuka nazo ana miguu ya kutosha kwa jeki ya zaidi ya 72. Anachokosa ni namna ya kuifanya, na kila siku anayojaribu 75 na kushindwa, anarudia kosa lile lile kwa nguvu zake zote.

Fanya hivi. Simama ubavuni mwake, usawa wa nyonga, umtazame miguu na wala si chuma. Anapozama kidogo ili ausukume uzito juu, angalia visigino. Mara nyingi kwa wasichana wa umri huo, na wavulana vilevile, utaona kifua kinainama kidogo, uzito unahamia vidoleni, kisigino kinapoteza mgandamizo kabla ya wakati wake, na chuma inarushwa mbele badala ya kwenda juu moja kwa moja. Mikono inaifuata huko mbele, mguu wa mbele unatua mfupi, na uzito unaanguka mbele yake. Yeye atakwambia kwamba mikono haina nguvu. Mikono haina hatia.

Dawa yake ni kumpa jeki kutoka kwenye stendi, bila klini, akizama na kutulia chini kwa sekunde mbili nyayo nzima ikiwa sakafuni, kisha asukume. Mpe kilo 55, ambazo ni kama asilimia 76 ya uwezo wake, seti sita za marudio matatu, siku mbili kwa wiki. Hesabu hiyo sikuitoa hewani. Msovieti aitwaye Prilepin alichambua kumbukumbu za mazoezi za wanyanyuaji wa nchi yake na kutengeneza jedwali ambalo makocha wanalitumia hadi leo: kati ya asilimia 55 na 65 marudio yote ya kipindi yawe 18 hadi 30, katika asilimia sabini na kitu yawe 12 hadi 24, katika themanini na kitu yawe 10 hadi 20, na kuanzia 90 kwenda juu yawe 4 hadi 10 tu. Ona jinsi idadi inavyoshuka kadiri uzito unavyopanda. Jedwali hilo halimjui mtoto aliyelala kwa muda wa saa nne tu au asiyekula mchana, kwa hiyo siku kama hizo chukua idadi ya chini, lakini litakuokoa na tamaa ya vijana na ya kwako pia.

Kuna jambo lingine ambalo hukulitaja. Je, wasichana wako wanatumia chuma cha kilo 20? Chuma cha wanawake ni kilo 15 na unene wake ni milimita 25, wakati cha wanaume ni milimita 28. Milimita tatu zinaonekana kidogo mpaka umwone msichana mwenye kiganja kidogo akijaribu kukifungia kidole gumba chini ya vidole vingine, kinamchomoka katikati ya mvuto, na kocha anamlaumu kwa kuogopa. Kama fedha ni chache, kabla ya kununua sahani za uzito zaidi, nunua chuma hicho.

Na usikate tamaa kwa uhaba wa vifaa. Mnyanyuaji Hidilyn Diaz wa Ufilipino, alipokwama Malaysia mwaka 2020 kumbi zilipofungwa kwa sababu ya korona, alinyanyua mti wa mwanzi uliotundikwa madumu ya maji. Mwaka uliofuata huko Tokyo akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza katika historia ya Olimpiki.

Mzee wa Jukwaa:

Mama Tanga amenikumbusha jambo linalohusu uzito wa juu na siku ya mashindano, maana vijana wengi hudhani kwamba wanaoshindwa hushindwa kwa kukosa nguvu. Diaz huyo huyo, London mwaka 2012, alishindwa majaribio yote matatu ya klini na jeki, akaondoka bila jumla, yaani bila matokeo ya minyanyuo miwili kwa pamoja. Tokyo alifungana na Liao Qiuyun wa China katika snachi kwa kilo 97, kisha akafanya 127 katika jaribio lake la mwisho dhidi ya 126 za mpinzani. Kilo moja ndiyo iliyotenganisha dhahabu na fedha.

Kwa hiyo yule anayetaka kujipima, mpe siku ya kujipima, mara moja kila baada ya wiki nne au tano, na uiendeshe kama mashindano kamili: majaribio matatu ya snachi, matatu ya klini na jeki, dakika moja ya saa kwa kila jaribio, na watu watatu wa kukubali au kukataa. Jaribio la kwanza liwe uzito ambao ameumudu hata siku aliyochoka. Wewe kaa na karatasi uhesabu ni majaribio mangapi ya wengine yamebaki kabla ya zamu yake, ili ampashe mwili kwa wakati na asikae akapoa, kwani kazi hiyo ndiyo ya kocha katika chumba cha nyuma cha kupashia mwili na haifundishwi kwa video.

Mkufunzi wa Moro:

Nimemtazama leo jioni kutoka ubavuni kama Mama Tanga alivyoelekeza, na kweli kisigino cha kulia kinainuka mapema. Cha kushoto kinabaki. Nimempa kilo 50 badala ya 55 kwa kuwa akitulia chini kwa sekunde mbili anayumba. Siku ya kujipima tumeipanga mwisho wa mwezi. Swali la mwisho: kisigino kimoja kuinuka na kingine kubaki, nitafute tatizo kwenye kifundo cha mguu au kwenye nyonga?

Kocha Mama Tanga:

Anza na kifundo. Mwambie apige goti mbele ya ukuta, mguu mmoja mbele, vidole vikiwa upana wa kiganja kutoka ukutani, kisha alisogeze goti hadi liguse ukuta bila kisigino kuondoka sakafuni. Fanya kwa miguu yote miwili ulinganishe. Wa kulia ukikataa mapema, kifundo kimekaza, na viatu vya kunyanyulia vyenye kisigino kigumu vitamsaidia wakati mnakilainisha. Ikiwa miguu yote iko sawa, basi mpige picha kutoka nyuma akiwa anazama na kilo 40, uiweke hapa tuitazame pamoja. Na hizo kilo 50 umefanya vizuri kuzipunguza. Usipandishe mpaka atulie.