Klabu yetu ya redio ya ridhaa imeombwa kusimamia mawasiliano ya mbio za hisani: tuanzie wapi?

Katibu wa Klabu aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu wapenzi wa redio.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana hewani kwa mapenzi tu na si kwa malipo, yenye wanachama 19, ambao kati yao 12 tu ndio wenye leseni. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukikutana mara moja kila mwezi, na nikisema kweli mikutano hiyo imegeuka kuwa gulio la vifaa: huyu anaonyesha redio mpya, yule anasifia mlingoti aliousimika, na mwingine anatusimulia kwa mara ya nne jinsi alivyojibiwa na kituo cha upande wa pili wa dunia akitumia wati 5 pekee. Siyadharau mambo hayo, kwani ndiyo yaliyonivuta mimi mwenyewe, lakini vijana huhudhuria mara mbili au tatu kisha hawaonekani tena.

Sasa tumepata ombi. Waandaaji wa mbio za hisani za kilomita 21 wanataka tuwasimamie mawasiliano, kwa sababu sehemu ya njia yao inapita katika bonde lenye msitu ambamo simu za mkononi hazishiki mtandao. Mwaka jana mkimbiaji mmoja aliteguka mguu humo bondeni, na habari zake zilifika kwenye gari la wagonjwa baada ya zaidi ya saa nzima, tena zikiletwa na mkimbiaji mwenzake aliyekuwa hoi kwa uchovu. Njia ina vituo 6 vya maji, gari moja la wagonjwa, na gari jingine linalofuata nyuma ya mkimbiaji wa mwisho.

Naomba ushauri wa waliowahi kuifanya kazi hii. Je, watu 12 wanatosha? Wale 7 wasio na leseni tuwape kazi gani? Waandaaji wametaja posho, nasi hatujui kama tuipokee. Zaidi ya yote, maandalizi yaanzie wapi kwa watu ambao hawajawahi kupitisha hewani ujumbe wowote wa maana, zaidi ya kusalimiana na kuambiana mawimbi yanasikika vipi?

Mzee wa Masafa alijibu:

Ndugu Katibu, hongereni kwa kuaminiwa. Jambo la kwanza nitakalokuambia huenda likawaudhi wenye redio mpya: kitakachowaangusha si kifaa, ni namba.

Katika mbio za kwanza tulizozihudumia, kituo cha nne cha maji kilituarifu kwamba mkimbiaji namba 184 ameacha mbio na ameondoka na gari la rafiki yake. Mwenzetu alitamka "mia moja themanini na nne", mawimbi yakafifia kidogo mwishoni, na aliyekuwa akiandika akasikia "na nane". Mbio zilipokwisha, namba 188 alikuwa amemaliza zamani na anapiga picha na jamaa zake, ilhali namba 184 akawa anahesabiwa kuwa amepotea msituni. Watu wanane walirudi bondeni na kuhangaika kwa dakika 50 wakiita jina la mtu ambaye wakati huo alikuwa nyumbani kwake, ameshaoga. Hakuna redio hata moja iliyoharibika siku ile.

Tangu hapo, namba kwetu hutamkwa tarakimu moja moja na polepole, na anayepokea huzirudia zote kabla ya kuandika. Lugha yetu ina mitego yake hewani. "Nne" na "nane" hufanana mara tu kelele zinapozidi, "tatu" na "tano" huanza kwa silabi moja, na mwenye haraka akimeza mwisho wa neno huwezi kujua kama alisema saba au sabini. Kwa herufi tumieni alfabeti ya kimataifa, yaani Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, hata kama mnafahamiana kwa sauti.

Kuhusu idadi, 12 wanatosha kwa shida. Vituo vya maji vinahitaji watu 6, gari la wagonjwa mmoja, gari la mwisho mmoja, mstari wa kumalizia mmoja, na mmoja wa kufuatana na mkuu wa mbio kila anapokwenda. Wawili waliobaki wakae kwenye kituo kinachoongoza mtandao, yaani mazungumzo ya redio ya vituo vyote, mmoja akizungumza na mwingine akiandika, kwa sababu mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili vizuri kwa saa sita. Hapo hesabu imekamilika bila mtu wa akiba, na sijawahi kuona siku ya kazi ambayo hakuna aliyeamka na homa. Mimi ningemwomba mkuu wa mbio akae karibu na mstari wa kumalizia ili mtu mmoja awahudumie wote wawili.

Siku yenyewe kila kituo kiitwe kwa jina la mahali kilipo, kama vile "Maji 3" au "Gari la Mwisho", kwa kuwa aliye na jeraha mbele yake hana nafasi ya kukumbuka alama ya mwito ya kila mtu, yaani zile herufi na tarakimu za leseni yake. Alama zenu halali zitajwe kwa vipindi vinavyotakiwa na leseni zenu. Asizungumze mtu bila ruhusa ya kituo kinachoongoza, isipokuwa aliye na dharura, ambaye neno hilo moja linatosha kuwanyamazisha wote. Majina ya majeruhi yasitajwe hewani, kwa maana yeyote mwenye redio anaweza kuwa anasikiliza, pengine hata mama wa majeruhi mwenyewe. Namba ya kifuani inatosha.

Maandalizi yaanze wiki hii, wala msingoje kifaa chochote. Wekeni mtandao wa redio wa nusu saa kila wiki, ambapo mwanachama mmoja anapewa ujumbe ulioandikwa wa maneno 25, anaupitisha kwa wa pili, na wa pili kwa wa tatu, kisha kwenye mkutano wa mwezi mlinganishe karatasi ya kwanza na ya mwisho. Mara ya kwanza tulipojaribu, ombi la vitanda lilifika likiwa ombi la vitambaa. Tulicheka sana, ila mwenyekiti wetu hakucheka.

Fundi wa Umeme alijibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu nidhamu, ila asiwafanye mdharau vifaa, maana nidhamu haiwezi kupenya kilima. Masafa ya mita 2 na ya sentimita 70 (huo ni urefu wa wimbi lenyewe), ambayo ndiyo ya redio nyingi za mkononi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo mtu aliye shimoni mwenye wati 5 na ile antena fupi ya mpira anaweza kushindwa kusikika kilomita mbili tu kutoka alipo. Ongezeni kimo kabla ya kufikiria kuongeza wati. Antena ya robo wimbi kwa mita 2 ni fimbo ya sentimita 49 hivi, unayoweza kuitengeneza mwenyewe kwa waya mgumu na kuipandisha juu ya mti kwa kebo nyepesi, nayo itakupa tofauti ambayo pesa ya redio mpya haitakupa.

Kama eneo lenu lina ripita, yaani mtambo wa mahali pa juu unaopokea sauti na kuirusha upya, hakikisheni bonde linaifikia, na mfundisheni kila mtu kubonyeza kitufe, kungoja sekunde moja, ndipo aseme. Wengi huanza kusema kabla mtambo haujafunguka, na neno linalokatwa ni lile la kwanza, ambalo kwa kawaida ndilo jina la anayeitwa. Kama hakuna ripita, mtafuteni mtu mvumilivu mumweke juu ya kilima aone pande zote mbili, kazi yake ikiwa kupokea ya bondeni na kuyarudia kwa kituo kinachoongoza.

Sasa betri, mahali ambapo klabu nyingi hupiga hesabu kwa macho. Redio ya gari ya wati 50 huvuta takriban ampea 11 inaporusha na nusu ampea inaposikiliza. Kituo kinachoongoza kinaweza kurusha theluthi moja ya muda, kwa hiyo katika saa sita kitatumia ampea-saa (ampea mara saa) 22 kwa kurusha na 2 kwa kusikiliza, jumla 24. Betri ya kawaida ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo yenye ampea-saa 50 itafika mwisho ikiwa taabani. Angalieni pia waya: wenye unene wa milimita 1.5 za mraba na urefu wa mita 5 kwenda, na mita 5 kurudi, hula zaidi ya volti moja redio inapovuta ampea 11, na hapo betri iliyo nzima kabisa itaonekana kana kwamba imekufa. Nimewahi kuitwa kutengeneza redio ya namna hiyo. Nilibadilisha waya tu.

Mwalimu wa Mawimbi alijibu:

Naomba nijibu yale ya posho na ya wasio na leseni, kwa kuwa ndugu zangu hawa wawili wameyaruka.

Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano zinaieleza huduma ya ridhaa kuwa ya watu walioruhusiwa kisheria wanaojifunza na kuwasiliana kwa mapenzi yao ya ufundi wa redio, pasipo maslahi ya kifedha. Kwa hiyo posho ya kuketi kwenye redio muikatae kwa adabu, na kama waandaaji wanasisitiza kutoa shukrani, zungumzeni nao kuhusu usafiri wa kuwafikisha vituoni, baada ya kuiuliza mamlaka ya mawasiliano inayowapa leseni. Iulizeni pia kama mnaruhusiwa kupitisha ujumbe kwa niaba ya mtu asiye mwanachama, kwani nchi hazifanani katika hilo. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003 uliongeza katika kifungu cha 25 cha kanuni hizo maneno yanayozihimiza nchi kuviruhusu vituo vya ridhaa vijiandae kuhudumia mawasiliano wakati wa maafa. Mkiandika barua ya kuomba ruhusa, kitajeni kifungu hicho.

Wale 7 wasio na leseni msiwafanye wabeba mabegi. Mwandishi wa kituo kinachoongoza hahitaji leseni, wala anayefuatilia ramani, wala anayeangalia betri, wala anayesimama barabarani akisoma namba za vifuani na kumtamkia mwenye redio. Baadhi ya nchi humruhusu asiye na leseni kuzungumza akisimamiwa na mwenye nayo, lakini hakikisheni kwanza. Katika darasa langu, aliyeshika kalamu siku ya kazi ndiye aliyekuja kuomba vitabu vya mtihani wiki iliyofuata, na hiyo ndiyo dawa ya vijana wenu wanaopotea baada ya mikutano miwili.

Nina neno moja la kupingana na Mzee, ingawa kwa heshima. Maelezo yake yanaweza kumfanya mwanachama mpya adhani kuwa akishika redio amekuwa askari. Nimeona watu wa vizibao vya rangi wakiwaelekeza wauguzi cha kufanya, na klabu hiyo haikuitwa tena. Sisi tunapeleka maneno ya wengine jinsi yalivyo. Anayeamua gari la wagonjwa liende wapi ni mhusika wa tiba. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipokata mawasiliano ya visiwa vya Andaman, waendesha redio wa ridhaa kutoka India walikuwa tayari Port Blair, mji mkuu wa visiwa hivyo, kwa ajili ya safari yao ya kawaida ya kuzungumza na dunia, wakaiacha na kuanza kupitisha habari za watu walionusurika. Walifaa kwa sababu vituo vyao vilikuwa vimesimama na mikono yao imezoea, wala hawakuchukua nafasi ya waokoaji.

Mzee wa Masafa alijibu:

Mwalimu, shutuma hiyo naipokea. Nami niliwahi kukivaa hicho kizibao.

Katibu wa Klabu alijibu:

Nawashukuru wote. Posho tumeikataa kwa barua, na waandaaji wamekubali kutupa magari mawili ya kutufikisha vituoni. Jumamosi iliyopita tuliitembea njia yote tukiwa na redio za mkononi. Maji 1 hadi Maji 3 zilisikika vizuri, Maji 5 na Maji 6 zilisikika kwa kukwaruza, na Maji 4 iliyo katikati ya bonde haikusikika kabisa, hadi binti mmoja asiye na leseni alipopendekeza tusogee hatua kama 15 kutoka kwenye mwamba. Hapo mtu wetu wa kilimani akatupokea. Tumepaka alama ya chokaa kwenye jiwe la kusimamia.

Zoezi la ujumbe wa maneno 25 nalo tumelianza. Maneno 21 yalifika salama, na ile "nne" ikafika ikiwa "nane", kama Mzee alivyotabiri.

Limebaki swali moja kwa Fundi: mtu wetu wa kilimani ni mmoja tu, na kila kitu cha bondeni kinapita kwake. Akipatwa na jambo, tufanyeje?

Fundi wa Umeme alijibu:

Wawekeni wawili, kila mmoja na redio yake na betri yake, hata kama itabidi mwenye redio wa Maji 1 aondolewe ili apande kilimani. Maji 1 iko karibu na mstari wa kuanzia na simu zinashika. Bondeni hawana njia nyingine. Na mmoja wao asikilize tu, asiseme neno, mpaka mwenzake atakapomkabidhi.